UZI: Pasipoti ya rangi mpya, na watu wa Kwale ambao hawakuwahi kushika ile ya zamani

Kila mara pasipoti inapoingia kwenye mdahalo, iwe redioni, barazani au humu mtandaoni, watu huanza na jalada. Rangi. Maneno ya juu. Bei. Wanarushiana lawama mpaka usiku, na kesho yake hakuna anayejua zaidi ya alivyojua jana. Leo hebu tuanzie kwingine. Tuanzie Kwale: Ukunda na Diani, tushuke Msambweni, Ramisi, Shimoni, mpaka Vanga na Lungalunga.

Kama kawaida ya uzi zetu, sitataja mwanasiasa wala chama. Anayetafuta hayo, kurasa zake ziko tele. Uzi ni mrefu, jitilie kahawa kabisa.

Jalada tulimalize haraka. Machi 2016, kule Arusha, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walizindua pasipoti ya pamoja ya kielektroniki. Kenya ikaanza kuitoa Septemba 2017. Ile ya zamani ilikuwa buluu iliyokolea. Hii mpya ya mwananchi wa kawaida ni samawati, ya watumishi wa serikali kijani, ya wanadiplomasia nyekundu. Ndani kuna chipu. Na juu ya jalada, jina la Jumuiya linatangulia, la Jamhuri ya Kenya linafuata chini yake.

Mpangilio huo wa majina ndio unaowakera wengine. "Mbona Kenya imewekwa chini?" Wengine wanajibu kwamba ndiyo maana ya kuungana. Mimi naona pande zote mbili zinalipa jalada uzito lisilokuwa nao. Pasipoti hutolewa na Kenya, humrudisha mtu Kenya, na ukipata shida ugenini utakaopigia simu ni ubalozi wa Kenya. Jina la Jumuiya pale juu halijampa mtu uraia wa Jumuiya, manake uraia huo haupo.

Lililowaumiza watu zaidi ni tarehe. Pasipoti ya zamani iliambiwa itakufa Agosti 2019. Ikasogezwa hadi Machi 2020. Korona ikaja, ikasogezwa tena, na tena, hadi ikazikwa rasmi tarehe 30 Novemba 2022. Kwa mtu aliye Nairobi hiyo ni habari ya gazeti tu. Kwa binti wa Msambweni anayefanya kazi ya nyumbani Saudia, ni kuomba ruhusa kwa mwajiri, pengine mwajiri ambaye ndiye aliyeishika hiyo pasipoti, asafiri hadi mji wenye ubalozi, maana alama za vidole huwezi kumtuma mtu akakuwekee.

Na bei. Pasipoti ya kurasa 34 ilikuwa shilingi 4,500, sasa ni 7,500, ongeza 50 za eCitizen. Ya kurasa 50 ni 9,500, ya kurasa 66 ni 12,500. Hapo hatujahesabu matatu ya kutoka Lungalunga, feri ya Likoni, na pesa ya saiba ya kujaziwa fomu. Mwaka 2023, kabla bei haijapanda, watu wengi walikuwa wamelipa na wakakaa miezi bila kitu mkononi, kwa sababu mitambo ya kuchapisha ilikuwa imeharibika na vitabu havikutosha. Kwa hiyo hasira ya bei ina msingi. Sina ubishi nayo.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Pasipoti ni karatasi ya mwisho kwenye foleni ndefu. Kabla yake kuna kitambulisho. Kabla ya kitambulisho kuna cheti cha kuzaliwa. Kabla ya cheti kuna mkunga aliyekuzalisha nyumbani, chifu anayekujua, na wazazi wenye vitambulisho vyao. Mdahalo wa jalada unawahusu walioifika mwisho foleni hiyo. Kwale kuna watu waliosimama mwanzoni mwake miaka 80.

Ilikuwaje? Tuanze na mstari. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili kwa mstari unaoanzia mdomo wa mto Umba, pale Vanga, ukaenda hadi Ziwa Jipe. Wadigo wakajikuta pande mbili. Wavumba na Wasegeju vilevile. Hakuna aliyehama, mpaka ndio uliohamia kwao. Mpaka leo ukienda arusi Vanga, nusu ya waalikwa wametoka Tanga.

Upande wa kaskazini wa mstari huo nao haukuwa kitu kimoja. Kwa mkataba wa Desemba 1895, ukanda wa maili kumi wa mwambao ulibaki kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa kumlipa kodi kila mwaka. Mwaka 1920 bara ikafanywa Koloni, mwambao ukabaki Himaya. Kwa hiyo mtu wa Gazi aliishi chini ya bendera nyekundu ya Sultani kwa jina, na chini ya DC wa Kiingereza kwa vitendo. Jina kamili la nchi likawa refu kuliko pasipoti yenyewe: Koloni na Himaya ya Kenya.

Na karatasi ya kwanza waliyopewa wazee wetu haikuwa ya kusafiri. Ilikuwa kipande. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyekomaa alitiwa alama za vidole na kubeba karatasi yake ndani ya kijaluba cha bati, shingoni. Humo mwajiri aliandika siku uliyoanza kazi na siku aliyokuachilia. Ukiondoka bila yeye kuandika, unatafutwa. Mwarabu hakuhesabiwa "native", kwa hiyo kipande hakikumhusu. Ndiyo maana swali la "wewe ni Mwarabu, ni Mswahili au ni Mdigo?" hapa kwetu halijawahi kuwa maneno tu ya mazungumzo. Jibu lako liliamua utavaa nini shingoni.

(Wanawake? Karatasi hizo hazikuwahusu kabisa. Mwanamke wa Kenya alianza kuandikishwa kitambulisho baada ya sheria kubadilishwa 1978. Bibi zetu wengi walizeeka bila kuandikwa popote, halafu leo mjukuu anaambiwa alete kitambulisho cha bibi.)

Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru, serikali ya Zanzibar na ya Kenya zilikubaliana mwambao uwe sehemu ya Kenya. Makubaliano haya hutajwa kila mara msemo wa "Pwani si Kenya" unapozuka, na kila upande huyasoma utakavyo. Mimi leo nataka kitu kingine cha mwaka huohuo, ambacho hakitajwi sana midahaloni: kanuni ya uraia.

Katiba ya uhuru ilisema hivi. Tarehe 12 Desemba 1963, ukiwa umezaliwa Kenya, uko chini ya ulinzi wa Uingereza, na angalau mzazi wako mmoja naye amezaliwa Kenya, wewe ni raia moja kwa moja. Asiyetimiza hayo lakini ana haki ya kuomba, alipewa miaka 2 aombe. Hadi 12 Desemba 1965.

Soma tena. Na mzazi mmoja naye awe amezaliwa Kenya.

Sasa mweke hapo kijana aliyezaliwa Ramisi mwaka 1945, baba na mama Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kukata miwa na mkonge. Wazee wake waliletwa na kazi kuanzia miaka ya 1930, kwenye mashamba ya Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Hakuna anayebisha kwamba walitoka Msumbiji. Lakini kijana hakuijua Msumbiji. Alijua kiwanda cha sukari na kambi ya wafanyakazi. Mwaka 1963 si raia moja kwa moja. Anatakiwa aombe. Aombe wapi, kwa lugha gani, nani aliyekwenda shambani kumwambia kwamba kuna saa inahesabu?

Au mweke mvuvi wa Kipemba. Wapemba wamekuwa wakija pwani yetu kwa upepo tangu zamani, wanapiga dago Shimoni, Gazi, Vanga, wanavua, wanarudi. Wengine wakaoa na kubaki. Wengine walikuja kwa hofu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, yaani mwezi mmoja tu baada ya tarehe ile ya Kenya. Mtu amefika ufukweni amechelewa wiki chache, na wiki hizo zikawahesabu wajukuu zake.

Lakini kulikuwa na mlango mwingine. Katiba hiyohiyo ilisema mtoto atakayezaliwa Kenya baada ya uhuru atakuwa raia, bila kuangalia sana wazazi wametoka wapi. Kwa hiyo kizazi cha pili kilikuwa na njia. Mlango huo ulifungwa 1985. Marekebisho ya Katiba ya mwaka huo yalitaka angalau mzazi mmoja awe raia wa Kenya, na yakarudishwa nyuma hadi siku ya uhuru. Kurudishwa nyuma maana yake ni kwamba mtu aliyezaliwa Msambweni 1970, akaamini kwa miaka 15 kwamba ni Mkenya kwa kuzaliwa, aliambiwa hakuwahi kuwa.

Ukinilazimisha nichague tarehe moja ya kuifundisha shuleni kuhusu vitambulisho, nitachagua hiyo ya 1985. Haina sherehe, haina sanamu, na midahaloni utasubiri sana kuisikia.

Wamama wa mpakani nao walikuwa na kisa chao. Mpaka Katiba ya 2010 ilipokuja, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alirithi uraia kwa baba tu. Binti wa Lungalunga akiolewa upande wa Tanga na kujifungulia huko, kilomita chache tu kutoka kwa mamake, mtoto si Mkenya. Mwanamume wa Lungalunga akifanya hivyohivyo, mtoto ni Mkenya. Wakati Tanzania nayo haikubali mtu awe na uraia wa nchi mbili, familia ya Kidigo ililazimika kuchagua serikali pale ambapo mababu walikuwa wakichagua tu shamba la kulima.

Turudi kwa Wamakonde. Kiwanda cha Ramisi kilifungwa 1988. Kazi iliyowaleta ikafa, wao wakabaki Makongeni na vijiji vya jirani, bila kitambulisho. Na kukosa kitambulisho Kenya si kukosa pasipoti tu. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huna M-Pesa yako. Huwezi kufungua akaunti, huwezi kuandikwa kazi ya hoteli Diani, huwezi kupiga kura. Mvuvi wa Kipemba alikuwa anaandikisha chombo kwa jina la mtu mwingine, halafu anamwomba Mungu urafiki udumu.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungua dirisha: watu wasio na utaifa waliokuwa nchini mfululizo tangu 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, waruhusiwe kuomba ndani ya miaka 5. Safi kwenye karatasi. Lakini miaka 5 ikaisha Agosti 2016 na watu wa Makongeni bado hawana kitu. Dirisha likaja kuongezwa muda baadaye.

Oktoba 2016 Wamakonde wakachoka kungoja. Mamia yao, wake kwa waume, walianza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Tarehe 13 walipokewa Ikulu, na amri ikatoka wapewe vitambulisho kabla mwaka haujaisha. Mwanzoni mwa 2017 vikaanza kutolewa, na Wamakonde wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wakangoja tena. Tangazo la kuwatambua likaja Januari 2023, vitambulisho vikaanza kutolewa Julai mwaka huo.

Umeiona hesabu? Wamakonde walipata vitambulisho mwanzoni mwa 2017. Septemba 2017 ikaja pasipoti ya samawati. Kwa wengi wao hakuna pasipoti ya zamani ya kubadilisha. Ukienda Makongeni na mjadala wako wa "turudishieni muundo wa zamani", mzee atakuuliza: upi huo?

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu upo na una hoja. Watu wanaotetea msasa mkali mpakani wanasema kitambulisho cha Kenya huuzwa, kwamba wageni wamekinunua, na kwamba nchi iliyopigwa bomu 1998 haiwezi kugawa pasipoti kama peremende. Pwani yetu imeona washukiwa wa ugaidi wakiishi kwa karatasi za bandia. Hilo si porojo. Pasipoti inayodharauliwa na nchi nyingine humuumiza hata yule aliyeipata kihalali, anapowekwa pembeni uwanja wa ndege na kuhojiwa.

Lakini angalia msasa wenyewe ulivyofanya kazi. Mtoto wa mji wa ndani ya nchi alipeleka cheti na kitambulisho cha mzazi, akaondoka. Mtoto wa kaunti za mpakani, na Waislamu wengi wa pwani, waliitwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, wakaulizwa kuhusu babu, wakaambiwa walete karatasi za ziada. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandika kuhusu ubaguzi huu mwaka 2007. Yule mwenye pesa ya kununua karatasi hakwami kwenye kamati, anaipitia kwa pesa hizohizo. Anayekwama ni yule ambaye baba yake alikufa bila kuandikwa.

Februari 2025 likatoka tangazo la rais la kuondoa msasa huo wa mpakani, na ubishi ukawaka papo hapo. Utausikia sana kuelekea 2027. Ukiusikia, muulize msemaji swali moja: unataka kuhakiki kwa kigezo gani kinachomhusu kila Mkenya sawa? Akijibu kwa kutaja jina la kabila au la dini, umeshapata jibu lako.

Kitu kingine cha kumuuliza ni Katiba anayoisoma. Enzi za chama kimoja pasipoti ilichukuliwa kama hisani. Mkosoaji aliweza kunyang'anywa akiwa uwanja wa ndege, bila maelezo. Ibara ya 12 ya Katiba ya 2010 inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati nyingine yoyote ya utambulisho inayotolewa kwa raia, na kwamba haiwezi kunyimwa wala kuchukuliwa ila kwa mujibu wa sheria. Neno ni haki. Kwa hiyo bei ya 7,500 si swali la biashara tu, na foleni ya 2023 haikuwa usumbufu tu.

Nimebakisha jambo la Horohoro, maana najua mtaniuliza.

Kuanzia 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Kwa hiyo mtu wa Lungalunga anayekwenda kumzika shangazi Tanga anahitaji pasipoti, au karatasi ya muda ya kusafiria, wakati mtu wa Busia anavuka na kadi yake ya mfukoni. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010, na jina la Jumuiya limeandikwa juu ya jalada kwa herufi za kung'aa. Lakini pasipoti iliyobuniwa ili tusafiri kama ndugu ndiyo hiyohiyo mtu wa mpakani asiyekuwa na 7,500 anashindwa kumfikia ndugu yake halisi.

Wapo wanaopita njia za panya, au kwa ngalawa kutoka Jimbo. Siwasifu, siwalaumu. Wazee wao walipita hapohapo kabla ya 1886.

Na upande wa watalii, kwa kulinganisha tu: tangu Januari 2024 Mjerumani anayekuja Diani haombi viza tena. Anajaza fomu mtandaoni akiwa sebuleni kwake, anapata idhini, anapanda ndege. Mhudumu atakayempelekea maji ya dafu ufukweni, akitaka siku moja naye amtembelee, foleni yake mnaijua sasa inaanzia wapi.

Kwa wale ambao tayari mnayo ya samawati: pasipoti ya mtu mzima ni ya miaka 10. Zilizotolewa Septemba 2017 zinaisha Septemba 2027, na nchi nyingi hukutaka uwe na angalau miezi 6 iliyobaki. Kwa hiyo wa kwanza kabisa wanatakiwa kuanza kuzibadilisha mapema 2027, mwaka wa uchaguzi, wakati ofisi zote zitakuwa na mambo mengi. Mlio Ghuba, hesabuni mapema, na mkiwasiliana na nyumbani ulizeni kama cheti chenu cha kuzaliwa bado kiko kabatini.

Mwenye kisa cha babu au bibi yake kuhusu kipande, kambi ya Ramisi au dago la Shimoni, aweke hapo chini. Msiweke nambari za vitambulisho vyenu wala picha za pasipoti, tafadhali. Uzi ujao ni wa hati za mashamba, na huo nao unaanzia 1895.